Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Kigombe, Jumanne, masika ya 1954

Mvua imekatika baada ya adhuhuri, lakini mawingu bado yapo pale pale. Hitima ya mama mkwe wangu imeshasomwa na watu wameshakula. Wanaume wamejinyoosha kwenye mikeka barazani, wanawake wamejaa ndani mpaka uani. Hapana pa mtu kukaa peke yake. Nimekuja kukaa ndani ya gari, nimepandisha vioo, naandika daftari likiwa juu ya usukani.

Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umepona.

Wapitao njia wananiona humu ndani na kunitazama kwa huruma. Mmoja amegonga kioo, nikakishusha, akaniambia, "Pole, fundi. Umefanya kazi ya mtoto wa kuzaa." Nikamjibu nimeshapoa. Kisha nikapandisha kioo changu. Nimewahi kutukanwa nikajibu, tena vizuri tu. Kusifiwa ndiko kumenishinda.

Ngoja niliandike gari kwanza, maana la gari naliweza.

Hili gari lilikuwa la Mzungu mmoja, msaidizi wa meneja kwenye shamba la katani kule Pongwe, ambako mimi ni fundi wa karakana. Ni gari la mbio. Lina milango minne, pua ndefu, tumbo limelala chini karibu kugusa ardhi. Mbele lina viti viwili vya ngozi vilivyobonyea, kila mtu na chake, na katikati yake umesimama mkono wa gia. Nyuma lilikuwa na kiti kirefu. Mwenyewe alikuwa akishindana nalo na Wazungu wenzake siku za Jumapili, mpaka akaivunja gia. Alipohamishwa akaliacha karakana, kuku wakawa wanatagia ndani. Nikalinunua kwa bei ya mtu aliyekata tamaa, sijui tamaa yake au yangu.

Wenzangu walinicheka sana. Walisema fundi amenunua kenge. Mmoja akaniuliza kama kenge huyo nitamwendesha au nitamfuga. Sikulinunua kwa ufahari hata kidogo.

Nililinunua ili nisiachwe.

Mke wangu Mwanaidi ni wa hapa Kigombe, mtoto wa pekee wa mama yake. Mama yake alikuwa mjane na macho yalikuwa yamemwishia, akiona vivuli tu, kwa hiyo hakuweza kuachwa peke yake. Na kuja kukaa kwangu Pongwe asingekuja hata kwa kubebwa. Mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Kwao Uzigua alikozaliwa, mkwe mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka mwenziwe apite. Miaka yote ya ndoa yangu nimemjua kwa sauti nyuma ya pazia na kwa kanga zake kwenye kamba. Hodi yangu ikisikika, alijifunika. Mimi nikifika uani naugeukia ukuta. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Mwanaidi, mpe mumeo maji." Basi. Tulipendana hivyo hivyo, tumepeana mgongo.

Kwa hiyo nikawa mume wa Jumamosi. Nikilipwa juma langu napanda lori lolote, nafika nimejaa vumbi kama mgonjwa wa ukurutu, na Jumapili jioni natafuta lori la kurudi. Mwaka jana Mwanaidi akanieleza la moyoni. Alikuwa anachagua mchele. Akasema, "Mimi si duka, bwana, nifunguliwe Jumamosi nifungwe Jumapili. Rudi nyumbani kila siku kama waume wa wenzangu, au niandikie talaka yangu nijue moja." Mwanaidi akipiga kelele huna la kuhofu, atapoa. Akisema polepole huku mkono uko kwenye ungo, ujue ameshamaliza kufikiri.

Nikaanza kazi jioni ile ile niliyorudi Pongwe.

Gia ilipopona, kwanza nililiinua. Barabara ya Tanga kuja huku ina mchanga, ina mashimo, na katikati ina tuta ambalo malori yanapita juu yake bila habari, lakini kenge lingekwaruza tumbo lake likafia hapo. Nikatoa springi zake laini, nikaweka za lori bovu, nikapunguza majani yake, vile vyuma bapa vinavyolaliana, mpaka zikakubali uzito mdogo. Bomba la ekzosi lilipita chini kabisa, nikalipandisha ubavuni. Chini ya injini nikakunja bati nene la pipa kama ngao. Tairi nikaweka kubwa zaidi, zikawa zinasugua madigadi, nikayakata madigadi. Hapo ndipo wenzangu walipobadili jina wakasema kenge ameota miguu.

Kabureta zilikuwa mbili. Nikazing'oa nikaweka moja ya gari la mizigo, maana zile mbili zinakunywa petroli kama harusi inavyokunywa chai, na hazipendi vumbi. Mbio zikapungua, sikujali. Mahali pa kuvutia hewa nikatia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa mafuta, vumbi likawa linakwama humo. Nyaya za moto nikazivika mpira wa ndani wa tairi, tukipita kijitoni zisilowe. Kila kitu nilikifikiria. Nilikuwa nalala nikiliwaza, naamka nalo. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile na sitafanya tena.

Halafu nikatoa kiti cha nyuma.

Gari la mbio halikuumbwa kubeba uzito mchangani, na mimi nilihitaji nafasi ya vitu vyangu: pipa dogo la petroli, tairi mbili za akiba, jeki, sepetu, na mbao za kuweka chini ya tairi likizama. Nikatengeneza fremu ya chuma, kila kitu na shimo lake, nikaichomelea kwenye sakafu. Siku ile Mwanaidi alikuja Pongwe kunitazama, mama amemwachia jirani, akachungulia nyuma. Akauliza, "Na mama atakaa wapi?" Nikamwuliza mama anakwenda wapi. Akafikiri. Kweli mama alikuwa haendi popote. Akasema, "Haya, na mimi siku nikishikwa na uchungu, atakayenishika mgongo atakaa wapi?" Nikamwambia siku hiyo nitakodi basi zima, na wapiga ngoma juu. Akacheka. Nilimchekesha, na neno likapita.

Naandika kwa sababu ni kweli, gari lilifanya kazi. Kiangazi chote nilikuwa natoka Kigombe baada ya sala ya alfajiri, nafika Pongwe kabla ya king'ora cha shamba, na magharibi inanikuta nimeshavua viatu kwangu. Sikuwahi kulala njiani hata mara moja. Mwanaidi akanenepa uso. Akashika mimba, baada ya miaka ya kwenda kwa waganga na kurudi na hirizi. Wanawake wa hapa wakamtania kisimani kwamba dawa haikuwa kwa mganga, ilikuwa karakana. Nyuma ya pazia nikamsikia mama mkwe anacheka, mara ya kwanza kusikia kicheko chake.

Nilikuwa mtu mwenye furaha. Naona bora iandikwe mahali.

Jumapili asubuhi Mwanaidi aliniamsha. Mama yake alikuwa na tumbo tangu Ijumaa na amelificha, hakutaka kusumbua watu. Sasa lilikuwa limevimba na kukaza, anatapika, hapati choo. Mvua ilikuwa inamwagika. Basi halikuwa limeonekana tangu katikati ya juma. Nikasema mpelekeni mlangoni, nalileta gari, hospitali ya Tanga tutafika sasa hivi. Nikaliwasha mara moja likawaka. Nikalisogeza mpaka kizingitini, injini inanguruma vizuri, nikashuka kufungua mlango kama mtu anayefungua zawadi.

Mwanaidi akatazama nyuma, akatazama mbele, kisha akanitazama mimi.

Wote tulikuwa tumekiona kiti kimoja kilichobaki, ubavuni pangu, na baina yetu mkono wa gia tu.

Mwanaidi akajaribu kujipenyeza nyuma, kati ya pipa na tairi. Na tumbo lake la miezi mingi, hakuweza hata kuinama. Nikamvuta atoke. Nikachukua nyundo kubwa nikaipiga fremu, nikaipiga tena. Nilichomelea mwenyewe ile. Nilikuwa nimejisifu kwamba hata tembo hataing'oa, na kweli haikutikisika. Kuikata kwa msumeno kungenichukua kutwa. Na dereva mwingine hapa kijijini hayupo.

Kutoka ndani nikasikia sauti ya mama mkwe. Ilikuwa dhaifu lakini haikutetereka. "Nikae ubavu kwa ubavu na mkwe wangu mpaka Tanga? Niacheni nife na haya yangu." Na wapo wanawake, siwataji, waliosema ana haki. Wengine wakasema asubiriwe mtu wa lori. Tukasimama pale mvua inatupiga, mmoja anasema hili na mwingine lile, na mgonjwa anaugua. Mkwe atasema nini? Amwite mama mkwe wake aje akae mapajani pake?

Ilipofika saa ya watu kunywa uji ndipo alipokuja Mzee Kibwana, kaka yake mama mkwe, anachechemea na mkongojo. Akasimama kwenye pazia akasema, "Dada, ugonjwa hauna mkwe. Inuka."

Akakubali. Lakini kwa sharti, na sharti nililetewa na Mwanaidi. Mama afunikwe utosi mpaka nyayo. Na mimi nisimgeukie wala nisimsemeshe mpaka hospitali. Nikamwambia Mwanaidi, mwambie nimekubali, wallahi sitageuka.

Haikuwa taabu kwangu. Sijawahi kumgeukia. Ndiyo heshima niliyoijua, na yeye ndiyo aliyoijua.

Walipomtoa nilikuwa nimekaa kwenye usukani natazama dari. Nikahisi gari limeshuka upande wa kushoto, kidogo sana. Alikuwa mwepesi. Mwanaidi akamfunga kwenye kiti kwa kanga asiyumbe, akamnong'oneza, akanong'onezwa. Kisha akaniambia, "Polepole kwenye mashimo." Tukaondoka.

Sasa nafika kwenye ambalo sijamwambia mtu.

Njiani nilifurahi.

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi. Halijapata kwenda vile gari lile. Mchanga ulikuwa umeshiba maji ukawa mgumu, tairi zikawa zinaushika. Kwenye matope ya mashamba ya katani, ambako malori mawili yalikuwa yamezama na wenyewe wamekaa juu wanavuta sigara, sisi tulipita pembeni na wale watu wakasimama kututazama. Tukafika kijitoni. Maji yalikuwa juu, yanakwenda kasi, yakapanda mpaka nusu ya mlango, na injini haikukohoa hata mara moja. Nikasema moyoni, unaona, kingekuwepo kile kiti cha nyuma na watu wake, hapa tusingepita. Nilikuwa najitetea, na nilikuwa naona nimeshinda kesi.

Alikuwa anaugua polepole, kila shimo na mguno wake. Nikawa nayakwepa mashimo kwa ajili ya ile miguno. Baada ya kijito ikapungua, nikajisifu kwamba springi zangu ni nzuri.

Karibu na Tongoni nikasikia sauti. Ilikuwa ndefu na nyembamba, kama hewa inayopenya mahali, halafu nyingine mbili fupi. Nikainama, nikatega sikio kwenye injini. Nikasema ni gaskiti ya ekzosi, maji ya kijito yameipata. Nikapanga kwamba Jumatatu nitaifungua. Fundi ana maradhi hayo, kila kinacholia ndani ya gari ni cha gari.

Baada ya hapo kukawa kimya. Nikamshukuru Mungu kwamba mama amepata usingizi.

Hospitalini nilishuka nimeinamisha uso, nikaita watu. Akaja nesi, binti wa Kisambaa, msalaba shingoni. Akafungua mlango, akaifunua kanga, akaweka vidole shingoni. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akasema, "Baba, mgonjwa ameshafariki." Akatazama nyuma ya gari, kwenye pipa na tairi, akaniuliza, "Hakuna mtu aliyekuwa naye njiani?"

Nikamwambia nilikuwa naye mimi.

Mtu wetu anapokata roho, aliye karibu humtamkisha shahada. Humwinamia sikioni akaisema taratibu, naye aifuate, ili liwe neno lake la mwisho duniani. Asiyejua kusoma anaijua kazi hiyo, na hata mtoto anaweza kuifanya. Angekuwa Mwanaidi nyuma, mdomo ungekuwa sikioni mwa mama yake tangu kijitoni. Angekuwa mwanamke yeyote wa wale waliosimama mvuani. Nilikuwepo mimi, kiwiko changu kikigusa kanga yake, nasikiliza gaskiti.

Ilibidi arudi azikwe kabla jua halijazama. Ilikuwa Jumapili na mvua, gari jingine la kuja huku halikupatikana. Watumishi wa hospitali wakamrudisha kwenye kiti kile kile, wakamfunga kwa kanga ile ile.

Kurudi nikalivunja sharti. Nilimsemesha. Nikaianza shahada pale pale getini mwa hospitali, kwa sauti, na sikuiacha. Matopeni niliisema, kijitoni niliisema, kila niliposimama niliinama nikaisema sikioni kwake, nikamwita mama, nikamwomba radhi, nikaendelea mpaka sauti ikakauka. Na nilimtazama. Kanga ilikuwa imeteleza na sikuirudisha upesi. Ana kidevu cha Mwanaidi, chenye kishimo katikati. Miaka yote hiyo sikulijua hilo.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni. Aliliona gari linavyokuja, akajua. Hakupiga yowe. Neno la kwanza aliloniuliza, kabla hata sijashuka, lilikuwa moja tu. "Ulimtamkisha?"

Nikasema, "Nilimtamkisha, njia nzima."

Sauti ilikuwa imenikauka, ikatoka kama ya mgonjwa. Kila aliyekuwepo akaisikia ilivyokauka, na ndiyo ikawa shahidi wangu. Mwanaidi akakaa chini pale pale matopeni akalia, lakini kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mzee Kibwana akanishika mikono miwili. Sikusema ni njia gani, ya kwenda au ya kurudi. Hawakuuliza. Nani angeuliza swali kama hilo?

Nikajiambia nitasema baada ya maziko. Baada ya maziko nikajiambia nitasema asubuhi.

Jana asubuhi nikaenda kweli. Nilimkuta chumbani kwa mama yake anakunja kanga, nikawaomba wanawake watupishe. Nikakaa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaniwahi. Akaniuliza, "Aliitikia?" Ameikumbatia kanga, ananitazama mdomoni kama mtoto anayengoja kulishwa.

Nikamwambia, "Sauti hakuwa nayo. Alinyanyua kidole."

Kile kidole sijui kilitoka wapi. Nimewahi kusikia kwamba wanaokufa wasiweze kusema hunyanyua kidole cha shahada, nikakikuta kipo kwenye ulimi wangu. Kilichomtokea Mwanaidi usoni sitaki kukiandika. Akaniinamia mkono akaubusu. Kisha akawaita wanawake warudi ndani, akawaeleza, na chumba kizima kikamshukuru Mungu.

Neno la kwanza ningeweza kulitetea, la pili ni uongo mtupu.

Na kidole hicho sasa kina miguu. Jana jioni wavuvi walikuwa nacho. Leo mwalimu wa chuo cha Kurani amekitaja kwenye hitima, akawaambia vijana watazame mkwe alivyoweka haya pembeni na kumfaa mama wa mkewe saa ya mwisho. Watu wakageuka kunitazama. Nikatazama mkeka. Baada ya chakula mwanamke mmoja aliyetoka Pangani kuja kutoa pole akanisimulia mimi mwenyewe habari hiyo, hakujua ndiye mimi. Kwake yeye mama alinyanyua kidole na akatabasamu. Nikamwambia Mungu ni mkubwa.

Nimeshalifikiria kila upande, kama nilivyolifikiria gari. Nikinyamaza, kila siku nitalala na mtu anayenishukuru kwa nisilolifanya. Nikisema, namzika mama yake mara ya pili, na safari hii bila neno la mwisho. Kidole nilichompa nitakuwa nakikata mbele ya macho yake, na mimba ile tumboni. Halafu atakumbuka aliniuliza mama atakaa wapi. Hajalikumbuka bado. Au amelikumbuka na amenistahi, hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Muda si mrefu alikuja hapa garini. Nilifikiri ananiletea kahawa. Alisimama dirishani, mkono kiunoni, macho yamevimba, akaniambia ameshazungumza na mjomba wake. Hapa hana tena wa kumkalia. Arobaini ikiisha atahamia kwangu Pongwe, na mtoto atazaliwa huko. Akiwa wa kike ataitwa jina la bibi yake, na akikua atasimuliwa jinsi bibi alivyoondoka. Akasema, "Nilikuwa na wasiwasi nawe zamani, bwana, sikufichi. Sasa sina." Akanigusa shavu, akarudi ndani.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta nilipokuwa nakata springi na kuchomelea chuma. Nilitaka mke wangu, nyumba moja, kila siku. Nimempata, kwa kidole ambacho hakikunyanyuka.

Nimechungulia sasa hivi. Anapanga sufuria zake mlangoni na kuzihesabu zipi aje nazo, na wanawake wanamsaidia. Naona kama ametulia kidogo. Tangu Jumapili sijamwona ametulia.

Nitamwambia kesho. Jana pia nilijiambia hivyo.